Watu wa Panya wa Morogoro

Ukimuuliza mkuu wa chuo kikuu chochote utafiti wa chuo chake unaelekea wapi, atakukabidhi kitabu: mpango mkakati wa miaka mitano, jalada linang'aa, dira na dhamira kurasa za mwanzo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, nacho kinavyo vitabu hivyo, na sina ugomvi navyo. Ila anayetaka kuona jinsi utafiti unavyokomaa mpaka ukamfaa mtu asiyejua hata chuo kiko wapi, akawatazame watu wa panya.

Walianza na adui. Panya shamba, huyu mdogo wa rangi ya kahawia ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, hufukua mbegu za mahindi mkulima akiwa hajafika hata nyumbani kutoka kuzipanda. Watafiti waliwahi kukadiria kwamba panya huitia Tanzania hasara ya asilimia 15 hivi ya mahindi kila mwaka. Jike ana chuchu hadi 24, na uzao mmoja unaweza kuleta watoto 11. Mwaka huu humwoni, mwaka ujao amejaa mpaka uvunguni.

Kuna kiwanja cha hekta 3 cha majani na vichaka katika eneo la chuo. Tangu 1994 hutegwa humo mitego 300, mita 10 kutoka mmoja hadi mwingine, usiku wa siku tatu mfululizo, kila baada ya majuma manne. Mtego wenyewe ni kisanduku cha bati jepesi kisichoua, na chambo ni siagi ya karanga iliyokandwa na unga wa mahindi. Asubuhi fundi hupita mstari kwa mstari. Akikuta mlango umejifunga, humsukumia mnyama kwenye mfuko wa kitambaa, akamfinya ngozi ya shingo kwa vidole viwili (akizubaa anaumwa), akamkagua kama ana alama. Asiye nayo hutiwa. Uzito, jinsia, kama ana mimba au ananyonyesha, namba ya mtego. Kisha humwachia palepale alipomkuta, si hatua kumi pembeni, maana kesho itabidi ijulikane kama amehama.

Katika kazi hiyo hakuna siku hata moja ya kuitia mwandishi wa habari. Thamani yake yote imo katika kurudiwa vilevile. Badili chambo, ruka mwezi mmoja wa masika kwa kuwa matope yamezidi, na namba za mwaka huu hazitalingana tena na za mwaka jana. Fundi aliyelowa mpaka magotini hana anayemwona akiamua kumaliza mstari wa mwisho. Lakini anaumaliza.

Mitego ya Morogoro, ya kiwanja hiki pamoja na ile iliyokitangulia, ndiyo iliyofichua siri ya miaka ya mlipuko. Vuli ikinyesha kwa wingi, panya huwahi kuzaliana. Watoto wa mwanzo nao wakawahi kuzaa katika msimu uleule, na idadi inaruka. Kwa hiyo mwenye kuchunga mvua za mwisho wa mwaka anaweza kuwaonya wakulima miezi kadhaa kabla. Herwig Leirs wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, na wenzake walianza kuyaandika hayo miaka ya 1990. Makala moja ikachapishwa na jarida la Nature mwaka 1997.

Mwaka huohuo, hukohuko Ubelgiji, Bart Weetjens alianzisha shirika la APOPO akiwa na wazo ambalo wengi walilicheka: panya wanuse mabomu ya kutegwa ardhini. Mwaka 2000 mafunzo yakahamia SUA. Shirika lilikuja na wazo. Morogoro ilikuwa tayari na watu waliojua panya anakula nini, anaugua nini na anamwogopa nani. Mwanafunzi safari hii akawa panya buku, mwenye uzito wa kilo moja na ushei. Pua yake haina mfano, na akilikanyaga bomu halilipuki.

Kumfundisha huchukua miezi tisa au zaidi. Kitoto cha wiki tano hivi huanza kwa kubebwa tu, kikizoeshwa mikono ya watu, kelele za gari na majani yenye umande. Baadaye huja kidude kinacholia tik. Tik, kipande cha ndizi. Tik, karanga. Panya akishaelewa kwamba mlio ni ahadi, huletewa harufu ya TNT, kilipuzi cha mabomu hayo, ndani ya kichujio cha chai cha duara, kile cha chuma cha kufungia majani. Baada ya hapo harufu hufukiwa, kwanza juujuu, kisha chini zaidi, mpaka anapofika uwanjani amevaa mkanda wa kifuani, akienda na kurudi kando ya kamba iliyovutwa kati ya watu wawili. Akikwaruza mahali penye bomu, tik.

Ufundi uko kwenye hiyo tik. Ikichelewa kidogo tu, panya keshageuka, na atakachojifunza ni kwamba ndizi huja kwa kugeuka. Ikiwahi, atajifunza kudanganya. Mkufunzi anatazama pua, ndevu na mguu wa mbele kwa pamoja, kidole gumba kikiwa tayari, na hafanyi papara. Kwa kuwa jua huwachosha, kazi hufanyika asubuhi na mapema, na panya hupakwa mafuta ya kukinga jua masikioni na mkiani. Kwenye mtihani wa mwisho akikosa bomu moja tu, ameshindwa.

Msumbiji, panya hawa walikofanya kazi miaka mingi, ilitangazwa kuwa huru na mabomu hayo mwaka 2015. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania aliyepelekwa Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020, akastaafu akiwa amegundua mabomu 71. Mimi lakini huvutiwa zaidi na chumba ambamo wenzao hunusa kifua kikuu. Panya hutembea juu ya matundu 10, chini ya kila tundu makohozi yaliyokwisha kupashwa moto kuua vimelea, na akisimamisha pua sekunde tatu amesema lake. Humaliza sampuli 100 kwa dakika 20. Mtu wa hadubini angehitaji hadi siku nne.

Tatizo ni kwamba mkufunzi hajui nani mgonjwa. Atatoaje ndizi? Jibu lao ni zuri ajabu: katikati ya sampuli za kuchunguzwa huchanganywa chache ambazo kliniki imeshathibitisha kuwa na ugonjwa, na ni hizo tu zinazolipwa. Panya hajui zipi. Anafanya kazi kwa uaminifu kwenye zote, kisha maabara inahakiki alizozionyesha zaidi ya hizo.

Benki ya Dunia ilipofadhili vituo vya umahiri Afrika Mashariki na Kusini, SUA ilipata kimoja cha udhibiti wa panya na teknolojia ya kunusa. Tuseme wazi: umahiri haukuletwa na kituo. Ulishakuwapo kwenye mitego na ndizi, fedha zikaukuta. Vyuo vingi hufanya kinyume, hujenga jengo kwanza kisha hutafuta wa kuingia. Na sijaona bado utaratibu wa kupandisha watu vyeo unaomhesabu mtega mitego sawasawa na mwenye jina mwanzoni mwa makala.

Panya wenyewe wameshapewa somo jingine. Makala ya mwaka 2024 ilieleza walivyofundishwa kutambua magamba ya kakakuona, pembe za ndovu na faru, na mpingo, hata vilipofichwa kwa kahawa au sabuni. Wamevikwa kikoti chenye kijipira kifuani. Wakinusa magendo hukivuta, nacho hulia. Kikoti hicho kimeshajaribiwa katika bandari ya Dar es Salaam, kati ya makontena.