Jicho, Nyundo na Jiwe la Kolsås

Mjuzi wa miamba akifika Kolsås, kilima kilicho magharibi ya Oslo, Norwei, hugonga jiwe kwa nyundo apate uso mpya, huulamba ili rangi ikolee, kisha huibana lenzi jichoni. Katikati ya hudhurungi huziona fuwele za feldispa zilizochongoka kama uru wa karata. Mjerumani Leopold von Buch alivutiwa nazo mwanzoni mwa karne ya 19, na jiwe likaitwa porfiri ya rombi.

Fuwele hizo hazitaki haraka, maana zenyewe zilikua taratibu ndani ya magma iliyotulia kilindini. Sehemu inayozizunguka ilipoa upesi lava ilipomwagika juu ya ardhi. Fundi hutazama ukubwa wake, wingi wake, jinsi zilivyosongamana. Kwa tofauti ndogo kama hizo wachora ramani wa eneo la lava la Krokskogen walitenganisha lava moja na nyingine, wakazipa namba zenye kifupi cha jina la jiwe kwa Kiingereza (rhomb porphyry): RP1, RP2 na kuendelea. Pale Kolsås, RP1 imelalia basalti, na basalti imelalia mashapo ya kale zaidi. Anayejua kusoma huona bara likivutwa, likipasuka na kudidimia, miaka takriban milioni 300 iliyopita.

Ufa huo wa Oslo ulikoma kabla ya kuwa bahari.

Ndugu wa porfiri hiyo yuko Mlima Kenya. Mwanajiolojia J. W. Gregory aliufikia mlima huo mwaka 1893, na mwaka 1900 akaliita keniti jiwe lake lenye fuwele za umbo lilelile. Huko Bonde la Ufa bado linatanuka. Oslo limebaki kaburi la ufa tu.

Siku hizi kipande hutiwa mfukoni na kupelekwa maabara kabla hakijatazamwa. Namba zinarudi, sahihi kabisa, na aliyezipokea hajui fuwele zilielekea wapi. Hata larvikiti, jiwe la ufa huohuo lenye mng'ao wa buluu, hukatwa na kung'arishwa kwa ajili ya meza za jikoni na kuta za maduka, watu wakapita bila kuligeuzia shingo.

Barafu ya kale ilisomba vipande vya porfiri hadi fukwe za Denmark na mashariki ya Uingereza. Jicho lililofunzwa humtambua mgeni huyo wa Oslo papo hapo kati ya kokoto nyingine. Macho ya namna hiyo hufunzwa kwa miaka mingi ya kutembea, na bajeti inapobana, safari za uwandani mara nyingi ndizo hukatwa kwanza.