Watoto Wetu Wasome Nini Kuhusu Wanamapinduzi?

Kila ifikapo tarehe 12 Januari sisi tulioko Riyadh na Jeddah hugawika kimya kimya. Wapo wanaopigiana simu kupongezana, na wapo ambao siku hiyo huwarehemu wazee wao waliouawa mwaka 1964. Watoto wetu, wanaosoma Kiarabu na Kiingereza skuli, wanaziona nyuso zote mbili, na kitabu cha kuwafafanulia hawana.

Maisha ya wanamapinduzi yanapoandikwa kwa ajili ya vijana, aghlabu mtu mwenyewe hutoweka. Kiongozi huzaliwa katika ufukara, huona dhulma, huongoza umma, basi. Mzee Abeid Amani Karume akiandikwa hivyo, kijana hatauliza kwa nini hapakuwa na uchaguzi hata mmoja tangu 1964 hadi alipopigwa risasi Kisiwandui, 7 Aprili 1972.

John Okello ndiyo kabisa, huachwa nje. Mganda huyu aliyejiita Field Marshal na kutoa vitisho redioni aliandika habari zake mwenyewe, Revolution in Zanzibar, kitabu kilichotoka Nairobi mwaka 1967. Kimejaa majigambo, karibu kila jambo kalifanya yeye. Hata hivyo tungempa kijana wa miaka 16 akisome, mzazi akiwa karibu, kwani mtu anayejisifu sana hujifichua asivyokusudia.

Lakini na sisi tuliofiwa tusijione tumesalimika. Kumwambia mtoto kwamba wote walikuwa wauaji tu, na hadithi ikaishia hapo, ni kijitabu kile kile kilichogeuzwa juu chini. Uchaguzi wa Julai 1963 ASP ilipata asilimia 54 ya kura, ikaambulia viti 13 kati ya 31. Uhuru ukaja 10 Desemba. Siku 33 baadaye serikali ikapinduliwa. Hesabu hizi hazihalalishi tone moja la damu. Ila asiyezijua hataelewa hasira ya Ng'ambo ilitoka wapi.

Kitabu kilichotupendeza kuliko vyote ni cha G. Thomas Burgess, Race, Revolution, and the Struggle for Human Rights in Zanzibar, cha mwaka 2009. Ndani yake Wapemba wawili wanasimulia maisha yao, mmoja baada ya mwengine. Ali Sultan Issa alikuwa mkomunisti na waziri wa elimu baada ya Mapinduzi, akaja kufungwa, na mwisho akaingia biashara ya hoteli za watalii. Anasimulia hata anasa zake bila ya haya. Maalim Seif Sharif Hamad alimaliza skuli 1963, akafundisha miaka mingi kabla ya kupata chuo kikuu mwaka 1972. Akawa Waziri Kiongozi, kisha mahabusu, kisha kiongozi wa upinzani, na alifariki Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Wakati mmoja alifundisha Pemba katika skuli iliyopewa jina la Fidel Castro! Hilo peke yake lingetosha kumfanya kijana aulize maswali hadi usiku wa manane.

Waandishi wa vitabu vya watoto wangejifunza hapo. Sisi wahandisi mchoro ukirekebishwa huandika nani karekebisha na lini, na ule wa zamani hautupwi, kwa sababu siku jengo likipata ufa ndio utakaotafutwa. Burgess ameiacha michoro yote miwili mezani. Ali Sultan anaona fakhari pale ambapo Maalim anaona dhulma, na mwandishi hakuwapatanisha kwa nguvu.

Kasoro yake kwetu ni lugha. Maisha haya yaliishiwa kwa Kiswahili, na kijana wa Jeddah anayasoma kwa Kiingereza. Tungependa kuona sehemu ya Maalim, japo kurasa 60, ikitolewa kwa Kiswahili chepesi pamoja na ramani ya Unguja na Pemba. Ya Ali Sultan nayo itolewe, ila ile habari ya anasa mhariri aipunguze kidogo kwa walio chini ya miaka 15.