Mkono wa Fundi wa Deki

Deki ya CD ikizeeka haifi ghafla. Trei inasita kutoka, wimbo wa kwanza unachelewa kusomeka, halafu muziki unaanza kuruka. Wengi hapo huenda dukani kununua nyingine. Mimi humpelekea fundi kwanza, maana yeye ndiye ajuaye kilichochakaa ni kipi.

Trei ikigoma, mara nyingi tatizo ni kijimkanda cha mpira kilicholegea. Muziki ukiruka, anaitazama lenzi, na kazi ya lenzi hiyo si ndogo. Tangu Sony ilipoanza kuuza CDP-101 kule Japani mwezi Oktoba 1982, utaratibu ni uleule: CD husomwa kutoka ndani kwenda ukingoni, ikizunguka kama mara 500 kwa dakika mwanzoni na 200 mwishoni, huku mwale wa leza ukifuata njia ambayo mizunguko yake imeachana kwa milimita 0.0016 tu. Deki hujisahihisha yenyewe kwa hesabu walizobuni wanahisabati Reed na Solomon mwaka 1960, kwa hiyo huweza kuugua muda mrefu bila sikio kugundua.

Fundi mzuri husafisha lenzi kwa pamba na spiriti, taratibu, kisha anasikiliza. Pembeni kuna skrubu ndogo ya kuongeza nguvu ya leza. Haigusi ovyo, maana leza iliyochoka ikisukumwa hung'aa kidogo, kisha huungua. Kujizuia huko ndiko ninakokuheshimu kuliko yote.

Ikibidi kubadilisha, tuseme anafunga lenzi mpya ya aina ya KSS-213, hugusa chuma kwanza kuondoa umeme wa mwilini. Lenzi hiyo huja na tone la risasi lililounganisha nukta mbili ili umeme huo usiiue leza. Fundi huchomeka waya bapa kwanza, ndipo anayeyusha tone kwa mguso mmoja wa pasi ya kulehemu. Akiliondoa mapema, anaihatarisha leza. Akilisahau, leza haiwaki. Akimaliza hujaribu wimbo wa mwisho, kwa kuwa CD iliyopinda husumbua zaidi ukingoni.

Zipo deki ambazo lenzi zake hazitengenezwi tena. Hapo fundi mkweli atakwambia ununue nyingine, na atakuomba umwachie ile kuukuu: mota yake bado nzima, na kuna mteja anaisubiri.