Kuona si Kushuhudia: Picha za Mgogoro wa Bujumbura wa 2015 na Suala la Lugha

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna picha za mgogoro wa kisiasa wa Bujumbura wa mwaka 2015 zilivyotumika kuushuhudia umma wa dunia mateso ya raia. Hoja kuu ni kwamba picha huonyesha, lakini haishuhudii. Ushuhuda hukamilika pale picha inapoandamana na maneno ya walioona au waliopatwa, nayo maneno hayo yakawa na mtu wa kuyawajibikia. Mifano mitatu inachambuliwa, kisha mapendekezo yanatolewa kwa watunga sera wa Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Tarehe 26 Aprili 2015 maandamano yalianza Bujumbura kupinga uamuzi wa chama cha CNDD-FDD wa kumteua Rais Pierre Nkurunziza kuwania muhula wa tatu. Wakati wa jaribio la mapinduzi la tarehe 13 na 14 Mei, vituo vya redio vikiwemo Radio Publique Africaine, Isanganiro na Bonesha FM vilishambuliwa na kunyamazishwa. Redio hizo zilizungumza na wananchi kwa lugha zao, Kirundi na Kiswahili kikiwemo. Zilipozimwa, picha ndizo zilizoendelea kusafiri, mara nyingi zikiwa na maelezo ya Kiingereza au Kifaransa. Kwa hiyo suala la picha za Bujumbura ni suala la lugha pia.

2. Msingi wa dhana

Kiswahili hutenganisha ushahidi na ushuhuda, ingawa maneno yote mawili yana asili moja ya Kiarabu. Ushahidi unaweza kuwa kitu: risasi, nguo, picha. Ushuhuda ni kauli, na kauli haikosi msemaji. Kirundi kinakwenda mbali zaidi. Shahidi huitwa icabona, neno litokanalo na kitenzi kubona, yaani kuona. Lakini kutoa ushuhuda ni gushinga intahe, kuisimika fimbo ya haki, tendo ambalo ndilo lililowapa jina bashingantahe, wazee waamuzi wa jadi. Anayeona hajashuhudia mpaka asimame mbele ya watu na kulibeba jukumu la maneno yake. Kwa kipimo hiki, kamera ni icabona tu.

3. Kijana wa mtaroni

Tarehe 7 Mei 2015, mtaani Cibitoke, Jerome Delay wa shirika la habari la Associated Press alipiga picha za kijana aliyekuwa amejificha ndani ya mtaro wa maji machafu, akiwaomba askari wamwokoe na kundi la waandamanaji lililomfukuza. Ubora wa picha hizi ni kwamba zinakataa mgawanyo mwepesi wa wema na wabaya. Katika siku ambazo waandamanaji walionekana zaidi kama waliopigwa risasi, hapa wao ndio wanaotisha.

Udhaifu umo katika maelezo. Yalimtaja kijana huyo kwa jina na kumwita mtu anayeshukiwa kuwa mwanachama wa Imbonerakure, vijana wa chama tawala. Kauli ya kutendwa, "anayeshukiwa", imemficha mtenda: ni nani aliyemshuku? Ni kundi lile lile lililomfukuza. Hivyo tuhuma ya wafukuzaji imevaa sauti ya mwandishi asiyependelea upande, na jina la mtu limeambatanishwa nayo mbele ya dunia nzima. Sentensi inayomtaja mtenda, kwa mfano "waandamanaji walimtuhumu", ingetosha kurudisha kauli kwa wenyewe.

4. Video isiyokuwa ya Burundi

Januari 2016 kituo cha televisheni cha France 3 kilirusha video ya ukatili kikidai ni ya Burundi. Baadaye ilidhihirika kuwa haikupigwa Burundi, na kituo kikaomba radhi. Kosa hili kwa kawaida huhesabiwa kuwa la uhakiki wa picha. Kwa mtafiti wa lugha, ni kosa la kusikiliza. Kumwita mzungumzaji mmoja wa Kirundi asikilize sauti za video hiyo kabla ya kuirusha ni hatua ndogo mno. Gharama ya kuiruka haikukiangukia kituo peke yake, kwani kila aliyetaka kuyakanusha mateso ya kweli alipata kisingizio.

5. Udongo wa Buringa

Baada ya mashambulizi dhidi ya kambi za kijeshi tarehe 11 Desemba 2015, watu wengi waliuawa katika mitaa ya Bujumbura. Mwishoni mwa Januari 2016 Amnesty International ilichapisha uchambuzi wa picha za setilaiti zilizoonyesha udongo uliofukuliwa huko Buringa, pembezoni mwa jiji, katika sehemu zilizodhaniwa kuwa makaburi ya halaiki. Picha hizo hazina uso wala damu. Zilipata maana kwa kuwekwa pamoja na video na kauli za mashuhuda.

Inaweza kupingwa kwamba kuwataka watu waseme ni kuwahatarisha. Pingamizi hili ni zito. Tarehe 2 Agosti 2015 mwandishi Esdras Ndikumana alikamatwa na kupigwa na maafisa wa usalama alipokwenda kupiga picha mahali alipouawa Jenerali Adolphe Nshimirimana. Hata hivyo, mfano wa Buringa unaonyesha kuwa jina la shahidi si lazima litangazwe. Kinachohitajika ni taasisi inayomjua, iliyoisikia kauli yake, na iliyo tayari kuijibia.

6. Hitimisho na mapendekezo

Kwanza, vyumba vya habari vya ukanda huu viandike maelezo ya picha yanayomtaja mtoa tuhuma, na visiambatanishe jina la mtu na tuhuma isiyothibitishwa. Pili, picha zihifadhiwe pamoja na maneno asilia ya Kirundi au Kiswahili, si tafsiri peke yake. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iratibu istilahi na mwongozo wa maelezo ya picha za migogoro. Bila hatua hizi, siku mahakama au tume itakapozihitaji picha za 2015, itapata kilichoonwa na kumkosa wa kukisemea.