Mita nne na nusu zilienda wapi?

Wandugu, kuna egzersizi moja ya aljebra inanikasirisha tangu sekondari. Juzi nimeikuta tena Kadutu, kwenye daftari ya mpwa wangu anayejitayarisha kwa Egzeta: bustani mbili za mraba zinafuatana kando ya barabara, moja ya m² 72, ingine ya m² 50. Tafuta urefu wa uzio upande wa barabara.

Mtoto aliandika √72 + √50 = √122. Mwalimu akapiga msalaba mwekundu, akaandika 11√2. Basi, hakuna neno lingine.

Kosa la mtoto ni la kawaida. Kusahihisha namna ile njo kunaniuma, maana mtoto anabaki akiamini kwamba kurahisisha rasini ni usafi wa maandishi, kama kupiga mstari chini ya tarehe. Nikamwambia tuhesabu kwa mita. √122 ni karibu 11. 11√2 ni karibu 15 na nusu.

«Mita nne na nusu zilienda wapi?»

Akacheka: «Tonton, jirani alikula shamba!»

Hapo sasa tukaanza. 72 ni 36 × 2, ile 36 inatoka nje ikiwa 6. 50 ni 25 × 2, inatoka 5. Sita na tano za kitu kimoja, √2, ni kumi na moja. Mbele ya hapo hazijumlishiki, sawa vile huwezi kujumlisha kilo sita za maharagi na madebe matano mpaka upime yote kwa kipimo kimoja.

Lakini hata 11√2 ya mwalimu inaishia njiani. Nani anaendaka sokoni kuuliza kamba ya mita 11√2? Sisi wenyewe, wanafunzi wa agronomia, tulitumwa kupima nusu hektari ya mraba huko kilimani. Upande ni √5000, na simu zote zilikuwa zimezima, umeme mnaujua. Tulisimama na dekametri mkononi kama wageni, mpaka mmoja akakumbuka: 50√2. Nayo √2 ni 1,414, kila mtu aliikariri. Mita 70,7, bila mashine. Miaka sita ya sekondari hakuna aliyetuambia kama kurahisisha kunasaidia hivyo!

Mpwa wangu amefanya ingine, m² 98 na m² 8. Aliandika 9√2, na chini yake, kwa kalamu ya risasi, m 12,7. Tunangoja mwalimu atasema nini juu ya ule mstari wa pili.