Tadbiri ya Kushuka

Abiria aghalabu humsifu rubani kwa namna anavyoiweka ndege chini. Lakini wenye kuijua kazi hiyo hutambua ya kuwa ustadi wake hudhihirika mapema zaidi, wakati abiria wangali wakisinzia naye yumo katika hesabu ya kushuka.

Kanuni yao ni nyepesi: kila futi elfu za kimo huhitaji maili tatu za baharini. Aliyeko futi 35,000 akielekea Dar es Salaam, ambako kiwanja kinakaribiana na usawa wa bahari, hutenga maili 105, na kama 10 zaidi za kupunguzia mwendo. Aendaye Nairobi, ambako kiwanja kimeinuka futi zipatazo 5,300, hukitoa kwanza kimo hicho, ndipo azidishe kwa tatu. Kisha hutazama upepo: wa tezi humlazimu kuanza mapema, na wa mbisho humruhusu kukawia. Hesabu ikisadifu, injini hupunguzwa hata zikavuma kwa upole, ndege ikateremka kwa uzito wake, pasi na israfu ya mafuta.

Lakini mwongoza ndege akimchelewesha juu, au akimfupishia njia, kimo huzidi masafa. Akiinamisha pua, mwendo huongezeka. Akiupunguza mwendo, kushuka hupungua, mfano wa mpanda baiskeli kwenye mteremko asiye na breki. Hapo huvuta wenzo, vibao vilivyolala juu ya mbawa vikasimama na kuizuia hewa, na abiria akahisi mtetemo kitini. Wako marubani waonao haya kuutumia. Hiyo ni ghururi tu, kwani chombo kiliwekwa ili kitumike.

Hatari yake ni kusahauliwa. Tarehe 20 Desemba 1995, marubani wa Boeing 757 ya American Airlines, wakielekea Cali nchini Kolombia, walikubali kubadilishiwa njia ya kutulia, wakalazimika kushuka upesi, wakavifungua vibao. Walikwisha kupotea kati ya milima onyo lilipolia; wakazitia injini nguvu zote na kuinua pua, ilhali vibao vingali vimesimama. Watu 159 walikufa, wanne wakaokoka.

Ndiyo sababu walimu wengi huusia kwamba mkono uliouvuta wenzo usibanduke mpaka urejeshwe mahali pake. Sifa ya rubani, basi, ni kupanga mapema hata asiuhitaji, na akiuhitaji, autumie bila haya na kuufunga bila kusahau.