Ahsanteni, wauguzi wa kliniki

Pongezi zangu ziwafikie wauguzi wa kliniki za mama na mtoto, hasa wa zahanati za vijijini Tanzania. Jua halijakolea, benchi limeshajaa. Mtoto anavalishwa kile kikaptula cha kupimia, ananing'inizwa kwenye mizani, analia. Muuguzi anasoma kilo na kuweka nukta kwenye kadi. Mstari wa nukta hizo ukilala au ukishuka, anajua kuna jambo hata kabla mama hajafungua mdomo. Anauliza taratibu: uji unatiwa nini? Usiku ananyonya? Kwa aliyetimiza miezi 6 anazungushia utepe mkononi. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, huo ni utapiamlo mkali na hakuna kungoja.

Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, kisha ya surua miezi 9 na 18, zote anazikumbusha yeye. Wajawazito hupimwa presha na kupewa vidonge vya kuongeza damu.

Kwa kweli hatuwashukuru vya kutosha. Mtoto asipougua, nani hukumbuka aliyemchoma sindano? Nanyi akina baba, wasindikizeni wake zenu kliniki. Wauguzi hawa wamewaita siku nyingi.